Laini nne kwa jina langu, na aliyezisajili ni mtoto niliyemlea

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 49, naishi Morogoro, mtaa naomba nisiutaje. Asubuhi nauza chapati na maandazi, mchana nawapikia wali mafundi wa gereji. Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani. Tuna watoto watatu wa kuzaa, na wa nne ndiye huyu aliyenifanya nishike kalamu. Nitamwita Baraka, si jina lake. Ni mtoto wa mdogo wangu, aliyefariki Baraka akiwa darasa la tatu. Siku mbili kabla hajafa mdogo wangu alinishika mkono pale wodini akaniambia, "Dada, huyu ni wako." Sikuwahi kumtenga na wanangu, si kwa chakula, si kwa ada, si kwa fimbo.

Sasa ana miaka 22. Alimaliza kidato cha nne, akahangaika sana na kazi, mpaka mwaka juzi akapata hii ya kusajili laini za simu. Wale vijana wa mwamvuli na kimeza karibu na stendi, ndiyo kazi yake. Mshahara hana, analipwa kwa idadi ya laini alizosajili. Nilifurahi, maana alikuwa ameshaanza kukaa kijiweni.

Mwezi wa tatu niliibiwa simu kwenye daladala. Nikamwambia Baraka anirudishie laini yangu. Jioni akaja na simu yake ya kazi na kile kimashine cha kidole, akanifuata jikoni nikiwa nakanda unga. Nikamtajia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nikaweka kidole gumba. "Imekataa, mama." Nikaweka tena. "Imekataa." Akanifuta kidole kwa pindo la fulana yake, nikaweka tena, na tena. Sikushangaa hata kidogo. Vidole vyangu vimechakaa kwa unga na masufuria ya moto. Hata siku ya kujiandikisha kitambulisho cha taifa mashine ilisumbua mpaka watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Nadhani niliweka mara tano au sita. Mwisho akasema tayari, akanywa chai, akaenda zake.

Wiki tatu zilizopita nikapigiwa simu na mtu aliyesema ni askari kutoka mkoa mwingine. Akanitajia majina yangu matatu yote. Akasema kuna laini yenye jina langu imepokea shilingi 1,850,000 za mwalimu mstaafu, aliyetumiwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" siku aliyokuwa anasubiri kutuma pesa ya kiwanja. Nikamwambia si mimi. Akasema, mama, laini ni yako. Baada ya siku mbili akapiga tena, akasema nikirudisha ile pesa mambo yataisha kimya kimya.

Kijana mmoja wa gereji akanionyesha kupiga *106#, kuona laini zilizosajiliwa kwa jina langu. Zikatoka namba tano. Moja ni yangu. Nne sizijui.

Nilimsubiri Baraka hadi saa nne usiku. Akakana. Nikamsomea zile namba moja moja. Nilipofika ya tatu akakaa chini sakafuni. Akasema kuna mtu ananunua laini zilizokwisha kusajiliwa, 5,000 kila moja, na kwamba hakuuliza za nini. Nikamuuliza, kwa nini mimi? Akasema, "Nilijua wewe hutagundua." Shangazi, neno hilo linanichoma kuliko zile laini. Kisha akasema si mimi peke yangu. Kuna wazee wengine.

Mume wangu amesema kwa simu nimpeleke polisi, kikulacho ki nguoni mwako. Mama yangu mzazi anasema nikimfunga mtoto wa marehemu, nisikanyage kwake. Mimi nafikiria kukopa kwenye kikoba chetu nimlipe yule mwalimu yaishe.

Kuna jambo moja tena ambalo sijamwambia mtu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Kabatini nina bahasha ya kopi za vitambulisho vya wenzangu 23, tulizokusanya tulipotaka kuomba mkopo wa halmashauri. Juzi nimeikuta si mahali nilipoiweka. Labda ni mimi mwenyewe niliyeisogeza. Sijamuuliza Baraka. Naogopa jibu.

Nifanye nini?

Mama Mkubwa, Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma jana usiku, nikairudia leo asubuhi, na mara zote mbili nimesimama pale jikoni. Kijana anakufuta kidole kwa pindo la fulana. Umemlea kuanzia darasa la tatu. Bila shaka kidole chako alishakifuta mara nyingi, na wewe chake. Naelewa kwa nini huwezi kukaa ukaongea habari za "laini" na "usajili" kama watu wengine wanavyoongea. Kilichochukuliwa pale ni imani yako, tena kwa mkono ule ule uliouzoea.

Kama nimekuelewa, unajiona uko njia panda yenye njia mbili tu: ujisafishe wewe na kijana aangamie, au umkinge kijana uangamie wewe. Na pembeni kuna kichochoro cha tatu, kulipa yaishe. Naomba tukae kidogo hapo kabla hujaanza kutembea, kwa sababu baadhi ya vitu ulivyovichukua kuwa hakika, mimi bado sivioni hivyo.

Tuanze na aliyekupigia. Alisema ni askari. Umejuaje? Kujua majina yako matatu si ushahidi, kwani mtu yeyote akijaribu kutuma pesa kwenye laini yenye jina lako, jina linamtokea kabla hajathibitisha. Sisemi ni mwongo. Inawezekana kabisa kuna mwalimu mstaafu aliyelia, na kuna jalada limefunguliwa. Lakini kesi haimalizwi kwa simu, kimya kimya, kwa kutumiwa pesa. Anayekutaka ulipe kwa njia hiyo, hata akiwa askari kweli, anakuomba kitu ambacho hakitakusafisha. Na kama si askari, basi huenda ni yule yule anayenunua laini, amekuja kuvuna mara ya pili kwa mtu mwenye hofu. Mwambie akutajie kituo, cheo na namba ya jalada, kisha usimjibu kwa simu. Nenda na hayo maelezo kwa miguu yako kwenye kituo kikubwa cha polisi hapo Morogoro, uulize kama yapo. Atakayekataa kukutajia, amekwisha jieleza.

Kwa hiyo pesa ya kikoba usiiguse kwanza. Najua moyo wako ulipo. Unataka yule mzee arudishiwe haki yake, na hilo ni jema. Lakini umpe nani? Humjui mwalimu, hujamsikia sauti. Unachojua ni namba ya mtu wa katikati.

Dhana yako ya pili ni kwamba ukinyamaza, Baraka anabaki salama. Hapa naomba unisikilize vizuri. Wakala hasajili laini hewani. Anaingia kwenye mfumo kwa utambulisho wake mwenyewe, na kila laini anayosajili inabaki na alama kwamba ni yeye aliyeisajili, siku fulani. Usajili wa kidole ulianza nchi nzima Mei 2019 kwa shabaha hiyo hiyo, kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Anayetaka kujua nani alisajili laini zako nne hahitaji kukuuliza wewe. Wewe hushikilii siri ya Baraka, mdogo wangu. Siri hiyo imeshaandikwa mahali. Kinachoweza kubadilika ni nani atafika kwanza, ninyi au wao.

Na mchezo wenyewe, nikueleze ili usijilaumu. Kidole kinakubali mara ya kwanza. Wakala anasema kimekataa, anafungua laini nyingine, unaweka tena, nayo inasajiliwa. Wewe unaona mashine mbovu, yeye anaona laini ya pili, ya tatu. Wanaochaguliwa ni watu wenye vidole vilivyochakaa, wakulima, mama lishe, wazee, kwa kuwa hao wamezoea kukataliwa na mashine na hawashangai. Aliposema "nilijua wewe hutagundua", inawezekana hakuwa anakudharau. Inawezekana alikuwa anarudia hesabu anayoifanya kila siku pale chini ya mwamvuli, na siku hiyo aliifanya kwako bila kukuona kuwa ni mama yake. Sijui. Hilo ni swali la kumuuliza yeye, siku ambayo hakuna anayepiga kelele.

Sasa, kuna hatua ambayo haikulazimishi kuamua chochote kuhusu kijana, nayo ni kuziondoa zile laini. Ndiyo ya haraka kuliko zote, kwani wakati wewe na mimi tunaandikiana, zinaweza kuwa kazini. Piga tena *106#, uziandike namba zote kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama una laini ya mtandao mwingine, piga na huko. Kisha nenda duka la kampuni ya simu yenyewe, si kwa wakala wa barabarani, na kitambulisho chako mkononi, uzikane moja moja mpaka zifungwe. Omba uthibitisho wa maandishi, hata kama ni kikaratasi. Hatari yake nikwambie mapema: watakuuliza kama unamjua aliyezisajili. Hapo kila mtu ana kiasi chake cha kusema, ila jiandae, maana ukitamka uongo dukani leo utalazimika kuubeba hadi kituoni kesho.

Polisi je? Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sitakudanganya kwamba ni kosa dogo. Taarifa yako mwenyewe, ukapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa kituoni, inaonyesha kwamba ulipogundua hukukaa kimya. Ukiichelewesha, kila siku inayopita inaanza kufanana na ushirika. Lakini taarifa ikishafunguliwa, huwezi kuirudisha mfukoni, na haiwezekani kuahidiwa kwamba kijana ataonywa tu. Mume wako anaposema "mpeleke", na mama anaposema "usithubutu", wote wawili wanazungumza kama vile Baraka ni mzigo unaobebwa. Ana miaka 22. Kuna uwezekano wa kwenda mwenyewe, kwa miguu yake, wewe ukiwa pembeni, akamtaja mtu aliyekuwa akinunua laini kwake. Yule mnunuzi ndiye aliyeshika uzi. Najua nalo lina hatari zake: anaweza kuwekwa ndani siku hiyo hiyo, na huyo mnunuzi anaweza kuwa mtu wa kuogopwa. Ndiyo maana kabla ya hatua hiyo ningetamani mkae na mtu anayejua sheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambulika ambao hawadai pesa. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii hapo halmashauri. Muulize hivi: kijana akijitokeza mwenyewe inamsaidiaje, na mimi nikichelewa inaniumizaje. Majibu hayo mawili yatakufaa kuliko maneno yangu.

Nirudi kwenye sehemu ya barua yako uliyoiandika mwishoni kabisa, kama mtu anayetaka kuondoka kisha anageuka mlangoni. Ile bahasha. Kwa macho yangu hiyo ni nzito kuliko zile laini nne.

Kopi ya kitambulisho peke yake haisajili laini, kidole chenyewe kinahitajika. Lakini tazama kilichomo ndani ya kopi. Picha. Sahihi. Majina matatu. Na ile namba yenye tarakimu 20, ambayo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Sasa fikiri ni wangapi kati ya wenzako 23 wameweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu. Na kuna zile programu za mikopo ya haraka zinazoomba namba ya kitambulisho na picha, basi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Wengi wetu tunawajua kwa simu zao za kutukana wadaiwa na kuwapigia ndugu na marafiki. Mama mmoja wa kikoba chenu anaweza kuamka siku moja anadaiwa mkopo asioujua, na asielewe umetokea wapi.

Umeandika, "labda ni mimi mwenyewe niliyeisogeza." Inawezekana kweli. Ila nakuuliza kwa upole: unataka iwe hivyo kwa ajili ya nani? Ukimuuliza Baraka na akasema hakuigusa, utamwamini? Kama jibu ni hapana, basi kumuuliza kwenyewe hakutoshi, na wenzako wanahitaji kujua hata kabla hujapata hakika. Huna haja ya kusimama mbele ya kikao na kumtaja mtoto. Unaweza kumwambia mwenyekiti, wawili tu, kwamba bahasha haikuwa mahali pake, mkazihesabu kopi pamoja, na kila mama akaambiwa apige *106# na abadilishe namba ya siri. Baadhi watakasirika. Huenda wakakuvua uweka hazina. Hiyo ni hasara ya kweli, siipunguzi. Uipime na siku watakapogundua wenyewe, na kugundua pia kwamba ulijua.

Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Kiini chake mama yeyote wa kikoba anakielewa: nilichokupa kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, kisitumike kwa kingine. Na kikishamaliza kazi, kisikae kabatini. Ule mkopo mlipata au hamkupata, kopi zile hazina kazi tena. Zirudishwe kwa wenyewe. Siku nyingine mtu akidai kopi, iandikwe juu yake kwa kalamu, kukatisha karatasi, "kwa ajili ya mkopo wa halmashauri tu" na tarehe. Kwa tapeli, kopi yenye maandishi hayo haina bei ile ile.

Ujumbe wowote wa "tuma kwenye namba hii" ukiingia kwako, uupeleke bure 15040. Na kwa kuwa jina lako limezunguka mikononi mwa watu, si vibaya ukaomba taarifa zako za mikopo kwenye kampuni ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, uone kama kuna deni lililojificha.

Kuhusu mama yako, na neno la marehemu pale wodini. "Huyu ni wako." Umelibeba miaka yote hii kama ahadi ya kumkinga. Nami nakuuliza tu, bila kukujibia: mdogo wako angekuwa hai leo, ameketi na wewe kwenye kile kigoda cha jikoni, akasikia kwamba kuna wazee wengine mtaani ambao mwanawe amewafanyia hivi, angekuomba nini? Sina hakika hata kidogo kwamba angeomba kimya. Sina hakika pia kwamba angesema polisi kesho asubuhi. Wewe ndiye uliyemjua.

Wale wazee wamekaa akilini mwangu. Baraka mwenyewe ndiye aliyewataja, umeandika. Vyovyote mtakavyoamua juu ya kituo cha polisi, anaweza kuanza kupita kwao mmoja mmoja, akawaonyesha kupiga *106#, akawapeleka dukani. Haitafuta kosa wala haitamkinga na sheria, na wengine watamfukuza mlangoni. Lakini utamwona akiwa njiani kwenda kwao, au utamwona akitafuta sababu za kutokwenda, na nadhani utajifunza kwa macho yako ni kijana gani unaishi naye.

Fanya kwanza lile la laini, kesho kabla jiko halijashika moto kama unaweza. Ukifika dukani wakakwambia weka kidole, usikiweke mpaka uione kwenye kioo namba wanayoishughulikia na uisome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Wakisema imekataa, waambie wakuonyeshe. Kisha niandikie, uniambie umekuta ngapi. Na ile bahasha, uniambie umezihesabu na nani.

Shangazi